Kila Mstari wa Aljebra ni Kauli: Jibu kwa Mwanafunzi Aliyekosa Maswali Sita

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Tumepewa zoezi la nyumbani lenye maswali sita ya aljebra na mantiki, nami nimeyakosa yote ingawa nilifuata hatua tulizofundishwa. La kwanza lilikuwa kutatua 5 − 2(x − 3) = 3x − 4; nilipata x = 3/5, kitabu kinasema 3. La pili ni x² = 4x; nilipata 4, kitabu kinasema 0 au 4. La tatu ni √(x + 6) = x; nilipata 3 na −2, kitabu kinakubali 3 peke yake. La nne linataka mlinganyo wa sentensi "wanafunzi ni mara sita ya walimu", ambapo a ni idadi ya wanafunzi na b ni idadi ya walimu; niliandika 6a = b. La tano linauliza ni kauli zipi zinazotokana na "ikiwa namba inagawanyika kwa 6, basi inagawanyika kwa 3", nami nilichagua zote tatu tulizopewa. La sita linataka nikanushe "kila namba tasa ni witiri". Niliandika "kila namba tasa si witiri". Kinachonichanganya zaidi ni kwamba katika la pili jibu langu limepungua na katika la tatu limezidi, wakati mwendo ni uleule. Na kwa nini mantiki imechanganywa na aljebra katika zoezi moja?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa hilo likijibiwa mengine mengi yatalegea yenyewe.

Mantiki haikuingizwa katika zoezi lako ili kuongeza idadi ya maswali. Kila mstari unaouandika unapotatua mlinganyo ni kauli, yaani sentensi inayoweza kuwa kweli au uwongo, na kila unaposhuka kutoka mstari mmoja hadi ulio chini yake unadai kwamba ikiwa ule wa juu ni kweli, basi na huu wa chini ni kweli. Unapoandika 2x = 10, kisha chini yake x = 5, maana kamili ya maandishi hayo ni hii: ikiwa ipo namba ambayo ukiizidisha kwa 2 unapata 10, basi namba hiyo ni 5. Maneno "ikiwa" na "basi" hayaonekani katika daftari, lakini ndiyo yanayobeba kazi yote. Mwanafunzi anayefundishwa hatua peke yake, yaani hamisha, badili alama, gawanya, huweza kwenda vizuri kwa muda mrefu bila kujua kwamba anatoa madai, mpaka siku anapokutana na mlinganyo kama ule wako wa tatu.

Jambo hili lilikuwa wazi zaidi zamani kuliko sasa. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika Baghdad karibu na mwaka 820 kitabu ambacho kimetupatia neno aljebra, hakuwa na x wala alama ya usawa. Milinganyo yake yote ilikuwa sentensi za maneno matupu. Alama ya usawa tunayoitumia leo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, ambaye alichagua mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Alama ilifupisha sentensi, lakini haikuifanya iache kuwa sentensi. Ndiyo maana huwa natia kalamu nyekundu kila ninapoona 3 + 4 = 7 × 2 = 14, hata kama 14 ndilo jibu lililotakiwa, kwa sababu aliyeandika hivyo amesema kwamba 3 + 4 ni sawa na 14.

Swali la kwanza halina fumbo, ulikosea alama. Namba −2 iliyo mbele ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani, na −2 mara −3 ni +6, ila wewe uliandika −6. Ukirekebisha hapo unapata:

5 − 2x + 6 = 3x − 4
11 − 2x = 3x − 4
15 = 5x
x = 3

Angalia hatua ya kutoka mstari wa pili hadi wa tatu, ambapo watu husema "−2x imehamia upande wa pili ikabadili alama". Hakuna kilichohama. Umejumlisha 2x pande zote mbili, ukajumlisha na 4 pande zote mbili. Hiyo ndiyo al-jabr yenyewe, neno la Kiarabu lililozaa "aljebra", yaani kukirudishia upande kile ulichopungukiwa, na neno la pili katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, al-muqabala, lina mzizi mmoja na neno letu "mkabala": pande mbili zinakabiliana, na kilichomo huku na huku kwa kiasi kilekile kinaondolewa. Ukiyaona mambo hivyo, alama haitakuponyoka, kwa sababu utakuwa unajua kilichofanyika badala ya kukumbuka kanuni ya kuhama.

Hata hivyo, kosa lako lingejulikana kabla hujafungua majibu ya kitabu. Weka 3/5 mahali pa x: upande wa kushoto unakuwa 5 − 2(0.6 − 3), yaani 9.8, na wa kulia unakuwa 1.8 − 4, yaani −2.2. Pande hizo zimepishana kwa 12 nzima. Weka 3, na pande zote mbili zinakuwa 5. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu dakika.

Sasa tuje kwenye swali la pili na la tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyobeba uzito wa zoezi zima. Umesema mwendo ni uleule, na kwa macho ni kweli: ulifanya jambo moja pande zote mbili za mlinganyo, kama ulivyofundishwa. Lakini tazama dai lililofichika katika kila hatua, ukijiuliza kama linasimama likisomwa kutoka juu kwenda chini, kisha kama linasimama likisomwa kutoka chini kwenda juu.

Kujumlisha au kutoa kiasi kilekile pande zote mbili ni hatua inayokwenda na kurudi. Ikiwa 11 − 2x = 3x − 4, basi 15 = 5x; na ikiwa 15 = 5x, basi 11 − 2x = 3x − 4. Vivyo hivyo kuzidisha au kugawanya pande zote kwa namba isiyo sifuri. Katika mantiki tunaweka kati ya mistari ya aina hiyo mshale wenye ncha mbili, ⇔, na mnyororo wote ukiwa wa mishale hiyo, namba zinazotimiza mstari wa mwisho ndizo hasa zinazotimiza mstari wa kwanza, bila kuzidi wala kupungua. Swali la kwanza lilikuwa hivyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Swali la pili lilivunjika uliposhuka kutoka x² = 4x hadi x = 4 kwa kugawanya kwa x. Dai lako lilikuwa "ikiwa x² = 4x, basi x = 4", na dai hilo ni la uwongo, kwa kuwa 0 inatimiza mlinganyo wa juu (0 = 0) wala haitimizi ule wa chini. Mshale uliokuwapo ulikuwa wa kupanda, kutoka x = 4 kwenda x² = 4x, na wewe uliuteremka. Sababu yake ni kwamba kugawanya kwa x kunaruhusiwa pale tu x isipokuwa sifuri, nawe hukuwa na haki ya kusema hivyo, kwa maana x ndiyo hasa unayoitafuta. Njia isiyopoteza kitu ni hii:

x² − 4x = 0
x(x − 4) = 0
x = 0 au x − 4 = 0
x = 0 au x = 4

Mstari wa tatu unasimama juu ya ukweli mmoja wa namba: zao la namba mbili likiwa sifuri, angalau mojawapo ya namba hizo ni sifuri. Na naomba ulitazame neno "au" katika mistari miwili ya mwisho, kwa kuwa si pambo. Wanafunzi wengi huandika "x = 0 na x = 4", jambo ambalo haliwezekani, kwani hakuna namba moja iliyo 0 na papo hapo 4. Tunasema kwamba x ni hii au ile, kisha tunasema kwamba mlinganyo una majibu mawili, 0 na 4. Sentensi ya kwanza inahusu x, ya pili inahusu orodha ya majibu, na kila moja ina kiunganishi chake.

Ukitaka kuona ukali wa kugawanya kwa sifuri iliyojificha, fuata hatua hizi polepole. Chukua a = b. Zidisha pande zote kwa a, upate a² = ab. Toa b² pande zote: a² − b² = ab − b². Tafuta vigawo: (a − b)(a + b) = b(a − b). Gawanya kwa (a − b): a + b = b. Kwa kuwa a = b, hiyo ni 2b = b, na ukigawanya kwa b unapata 2 = 1. Hatua ya kugawanya kwa (a − b) inaonekana ya kawaida kabisa, ila a ni sawa na b, kwa hiyo tuligawanya kwa sifuri. Kosa lako la swali la pili ni ndugu wa hilo, ingawa matokeo yake hayakupiga kelele. Lilikuondolea jibu moja kimyakimya.

Inafaa niseme hapa kwamba umbo la swali hilo lina historia ndani ya mantiki yenyewe. Mwaka 1854 mwanahisabati George Boole alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kauli zinaweza kukokotolewa kama aljebra, akiweka sharti kwamba kila herufi itimize x² = x. Itatue kama tulivyotatua yako: x(x − 1) = 0, hivyo x = 0 au x = 1. Ni namba mbili tu zinazokubalika, na ndizo tunazozisoma leo kama uwongo na kweli. Aliyegawanya kwa x angebaki na 1 peke yake, yaani angekuwa na mantiki ambayo ndani yake hakuna kauli ya uwongo.

Katika swali la tatu mshale ulikuwa wa kushuka kwa haki, lakini haukuwa na ncha ya pili. Uliandika:

√(x + 6) = x
x + 6 = x²
x² − x − 6 = 0
(x − 3)(x + 2) = 0
x = 3 au x = −2

Hakuna hata mstari mmoja wenye kosa hapo. Namba mbili zikiwa sawa, vipeo vyao vya pili ni sawa. Kwa hiyo kutoka mstari wa kwanza kushuka hadi wa pili ni halali. Lakini jaribu kupanda. Vipeo vya pili vikiwa sawa, je, namba zenyewe ni sawa? Si lazima: 4 ni kipeo cha pili cha 2 na pia cha −2. Kwa makubaliano ya wanahisabati, alama √ humaanisha kipeuo kisicho hasi, kwa hiyo √4 ni 2 tu. Ukiweka −2 katika mlinganyo wa mwanzo, kushoto unapata √4, yaani 2, na kulia unapata −2.

Basi hiyo −2 imetoka wapi? Hesabu haiokoti namba njiani. Tatua mlinganyo mwingine, √(x + 6) = −x, na utaona kwamba ukiupa kila upande kipeo cha pili unafika palepale, x + 6 = x². Milinganyo miwili tofauti imeingia katika mstari mmoja, na kuanzia hapo kwenda chini hakuna awezaye kujua ipi ni ipi. Namba 3 ni jibu la mlinganyo wako, na −2 ni jibu la huyo mwenzake: √4 = 2, na −(−2) = 2. Ulichokithibitisha kwa mistari yako mitano ni kauli hii: ikiwa √(x + 6) = x, basi x ni 3 au −2. Kauli hiyo ni kweli kabisa. Kosa lako lilikuja baadaye, ulipoisoma kana kwamba inasema "3 na −2 zote ni majibu".

Kutokana na hayo utaona kwamba kurudisha jibu katika mlinganyo wa mwanzo kuna hadhi mbili tofauti. Katika swali la kwanza ni ulinzi dhidi ya mkono kuteleza, na asiyekosea alama angeweza kuliacha bila hasara. Katika swali la tatu ni sehemu ya utatuzi wenyewe, kwa maana bila hatua hiyo kazi haijakamilika hata kama hukukosea chochote. Mambo yanayokupeleka kwenye hali ya pili si mengi katika ngazi yako: kuzipa pande zote kipeo cha pili, na kuzidisha pande zote kwa kitu chenye x ndani yake, kwa mfano unapoondoa asili ya sehemu. Hizo huongeza majibu ya uongo. Kugawanya kwa kitu chenye x hupoteza majibu ya kweli, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu jibu la ziada utalikamata ukilirudisha, lakini lililopotea hutalirudisha kwa kuwa hulioni.

Ukiwa umelishika hilo, swali la tano ni jambo lilelile likiwa limevuliwa alama. Umepewa "ikiwa namba inagawanyika kwa 6, basi inagawanyika kwa 3", na kauli tatu za kuchagua. Ya kwanza imegeuzwa: ikiwa inagawanyika kwa 3, basi inagawanyika kwa 6. Ya pili imekanushwa pande zote bila kugeuzwa: ikiwa haigawanyiki kwa 6, basi haigawanyiki kwa 3. Ya tatu imegeuzwa na kukanushwa pamoja: ikiwa haigawanyiki kwa 3, basi haigawanyiki kwa 6. Namba 9 inaziangusha mbili za kwanza kwa pigo moja, kwa kuwa inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 6. Ya tatu haina mfano wa kuipinga, na haiwezi kuwa nao: namba ambayo ingegawanyika kwa 6 bila kugawanyika kwa 3 ingeiangusha, lakini namba hiyohiyo ingeiangusha pia kauli uliyopewa mwanzoni. Kauli hizo mbili zinasema jambo moja kwa maneno mawili.

Nadhani najua kilichokupotosha, nacho kimo katika Kiswahili cha kila siku. Mzazi akimwambia mtoto "ukimaliza kazi utakwenda kucheza", mtoto husikia mara moja na sentensi ya pili ambayo haikutamkwa: "usipomaliza kazi hutakwenda kucheza". Naye yuko sahihi, kwa sababu mzazi alikusudia yote mawili. Kiambishi -ki- katika mazungumzo huja karibu kila mara na mwenzake -sipo- kikiwa nyuma yake. Katika hisabati -ki- husafiri peke yake. Kauli "namba ikigawanyika kwa 6, inagawanyika kwa 3" haisemi lolote kuhusu namba isiyogawanyika kwa 6. Inaiacha huru, igawanyike kwa 3 kama 9 au isigawanyike kama 7.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo hukuliuliza lakini litakujia ukifika kwenye majedwali ya ukweli, yanayoorodhesha lini kauli ni kweli na lini ni uwongo: kwa nini kauli ya "ikiwa P, basi Q" inahesabiwa kuwa kweli pale P inapokuwa uwongo? Chukua kauli yetu, P ikiwa "inagawanyika kwa 6" na Q ikiwa "inagawanyika kwa 3", na uipitishe kwenye namba. Kwa 12, P ni kweli na Q ni kweli. Kwa 9, P ni uwongo na Q ni kweli. Kwa 7, zote mbili ni uwongo. Kila mtu anakubali kwamba kauli yenyewe ni kweli kwa namba zote, kwa hiyo ni lazima iwe kweli kwa 12, kwa 9 na kwa 7. Mstari wa jedwali uliobaki, P kweli na Q uwongo, hauna namba yoyote, na ndio pekee unaoweza kuivunja kauli. Ukilijaza jedwali kwa namba namna hii badala ya kulikariri, halitakusumbua.

Usijione mzito kwa kuchanganya haya. Mwaka 1966 Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza jaribio la kadi nne ambalo limewashinda watu wengi wenye elimu. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na mezani zinaonekana E, K, 4 na 7. Kanuni inasema: ikiwa upande mmoja una irabu, upande wa pili una namba shufwa. Ni kadi zipi lazima zifunuliwe ili kujua kama kanuni imefuatwa? Wengi huchagua E na 4. Lakini kadi ya 4 haiwezi kuivunja kanuni. Ikiwa na irabu nyuma ni sawa, ikiwa na konsonanti ni sawa pia. Kadi ya kufunua pamoja na E ni 7, maana ikionekana irabu nyuma ya witiri, kanuni imekwisha. Anayechagua 4 anaisoma kauli iliyogeuzwa. Anayechagua 7 ametumia ile iliyogeuzwa na kukanushwa.

Swali la sita nalo lina mtego wa lugha. "Wote hawakuja" inaweza kueleweka kwamba hakuna aliyekuja, na mwingine akaielewa kwamba baadhi tu ndio waliokuja. "Kila namba tasa si witiri" ina utata huohuo, na mwalimu wako ameisoma kwa maana ya kwanza. Kipimo cha ukanushi ni hiki: kati ya kauli na kanusho lake, moja ni kweli na nyingine ni uwongo, daima. Sasa pima. "Kila namba tasa ni witiri" ni uwongo, kwa sababu 2 ni tasa na ni shufwa. "Hakuna namba tasa iliyo witiri" ni uwongo vilevile, kwa sababu ya 3. Zote mbili zimeanguka, kwa hiyo ya pili si kanusho la ya kwanza. Kanusho sahihi ni "si kila namba tasa ni witiri", au kwa uwazi zaidi, "ipo angalau namba tasa moja isiyo witiri", na namba hiyo ni 2. Kwa kukanusha, "kila" hugeuka "ipo", na "ipo" hugeuka "kila". Vivyo hivyo "na" hugeuka "au", jambo linalotajwa kwa jina la mwanahisabati Augustus De Morgan: kanusho la "x > 2 na x < 5" ni "x ≤ 2 au x ≥ 5".

Limebaki la nne. Weka namba: walimu wakiwa 2, wanafunzi ni 12. Mlinganyo wako 6a = b unasema 6 × 12 = 2. Ulio sahihi ni a = 6b. Uliandika maneno kwa mpangilio ulivyoyasikia, "sita" ukaiweka karibu na wanafunzi kwa kuwa ndio wengi, na herufi a ukaichukua kama jina la kundi badala ya idadi yake. Hata wanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu cha Marekani, walipopewa sentensi kama hii katika utafiti wa John Clement na wenzake uliochapishwa mwaka 1981, zaidi ya theluthi moja walikosea, wengi kwa namna yako. Namshukuru aliyetunga zoezi kwa kutumia a na b, maana katika Kiswahili wanafunzi na walimu wote wanaanza na w, na anayezoea kuchagua herufi ya kwanza ya neno angekwama kabla ya kuanza.

Unaporudisha kazi, swali la tatu liandike hivi:

√(x + 6) = x
⇒ x + 6 = x²
⇔ x² − x − 6 = 0
⇔ (x − 3)(x + 2) = 0
⇔ x = 3 au x = −2
Kwa x = 3: √9 = 3, inatimiza.
Kwa x = −2: √4 = 2, na 2 si sawa na −2, haitimizi.
Jibu ni 3.

Mshale wa kwanza una ncha moja na mingine mitatu ina ncha mbili, na ni kwa ajili ya huo mmoja tu kwamba mistari mitatu ya mwisho imeandikwa. Kisha rudia kazi hiyohiyo kwa √(2x + 3) = x, na kabla hujairudisha namba yoyote katika mlinganyo wa mwanzo, andika pembeni ni mlinganyo upi mwingine unaodhani utaingia nao mstari mmoja.